Anza na shingo: gitaa la umeme linatengenezeka nyumbani

Jumamosi iliyopita gitaa nililolitengeneza mwenyewe, uani kwa mama, lilipigwa harusini tangu maharusi wanaingia hadi viti vinakusanywa, na halikupoteza sauti. Nasema kwa fahari, maana yupo muuza ala mmoja aliyenitamkia mbele ya wateja wake kwamba gitaa la umeme ni kazi ya kiwanda, mbao zangu nikatengenezee vitanda. Maneno yale bado yananiuma.

Basi wengi mmeniuliza nilianzia wapi. Kwenye shingo, ule mpini mrefu ambao nyuzi zinapita juu yake. Najua unawaza umbo na rangi, viache kwanza. Nyuzi sita zikikazwa huvuta kwa zaidi ya kilo 40, na anayestahimili mvuto huo ni shingo. Yangu niliichonga kwenye mfumbati wa kitanda cha marehemu babu, mninga uliokauka miaka na miaka, usiopinda tena. Juu yake nikabandika ubao mwembamba wa mpingo. Mpingo unakula makali ya patasi, lakini ukiupiga msasa laini unang'aa bila vanishi. Wazungu wanaufuata huku kwetu kutengenezea klarineti, sisi tunauogopa wa nini?

Brian May, mpiga gitaa wa Queen, bendi ya Freddie Mercury mzaliwa wa Unguja, alianza kutengeneza lake nyumbani na baba yake mwaka 1963. Shingo waliitoa kwenye mbao ya meko ya zamani, na gitaa hilo ndilo limekuwa gitaa lake kuu maisha yake yote ya muziki. Kijana, usiombe ruhusa kwa anayeuza kazi za wenzake.

Sasa freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Uzi wangu, kutoka kipande cha mfupa chini ya kichwa cha gitaa hadi kwenye daraja linaloshikilia nyuzi kwenye mwili, una urefu wa milimita 648. Gawa kwa 17.817, unapata 36.37: hapo ndipo freti ya kwanza. Kinachobaki kigawe tena kwa 17.817, ujumlishe na 36.37 upate freti ya pili, uendelee hivyo hivyo. Freti ya 12 lazima iangukie nusu kamili, 324. Isipoangukia hapo, rudia hesabu kabla hujashika msumeno. Na kila freti ipime kutoka kwenye kile kipande cha mfupa chini ya kichwa, usipime kutoka freti hadi freti. Vikosa vidogo vikijumlishana, gitaa halitaimba sawasawa hata ulikaze vipi.

Pikapu, kile kifaa chenye sumaku kinachonasa mtetemo wa nyuzi, nunua hata iliyotumika. Amplifaya ikiunguruma na ukishika nyuzi hainyamazi, fungua nyuma ya gitaa uangalie kama waya wa ethi umelehemiwa hadi kwenye daraja.