Stoo ya kona inayomeza vitu: mimi niliikata rafu

Dada mleta mada, hongera kwa kuhamia. Kwa waliochelewa: dada anasema stoo ya jikoni kwake iko pembeni kabisa, mlango mwembamba, ndani inaingia kama pango, rafu zimejazwa mpaka ukutani, na kila anachoweka nyuma hakioni tena mpaka kioze. Mwenye nyumba kamruhusu afanye atakavyo mradi asivunje ukuta. Waliotangulia kujibu wamemwambia anunue makopo ya seti yenye vifuniko vya rangi moja. Mimi nitakwenda kinyume nao kidogo. Stoo ya aina hiyo nimeishi nayo miaka kumi na moja hapa Chumbageni, Tanga, makopo ya seti nilinunua, na kilichobadilika ni kwamba vitu vilikuwa vinapotea vikiwa ndani ya makopo mazuri.

Nianze na nazi. Mama mkwe wangu kwao Pangani, na hakanyagi kwangu mikono mitupu. Mwaka mmoja alikuja na gunia la nazi na makumbi yake, akazisukuma mwenyewe chini ya rafu, akasema, "Hizi mwanangu zitakaa." Tukafua, tukakuna, zikaisha, au tulidhani zimeisha. Miezi ikapita. Siku moja karibu na mfungo niliingia na tochi kutafuta sufuria kubwa, nikaona kitu chembamba, cheupe-njano, kimejinyoosha kutoka gizani kuelekea ule mwanga wa chini ya mlango. Nikapiga kelele, nikajua nyoka. Kumbe nazi moja ilibingirika mpaka kwenye pembe, ikachipua huko huko. Mume wangu aliipanda uani. Haijazaa, lakini ipo, na kila wifi zangu wakija lazima waoneshwe "mnazi wa stoo".

Nililala na aibu siku hiyo, nikijiona mchafu. Asubuhi nikachukua futi ya fundi cherehani nikapima. Mkono wangu kutoka begani hadi ncha ya kidole ni sentimita 64, mimi ni mfupi. Kutoka mlangoni hadi kwenye pembe ya ndani ni sentimita 150. Na rafu zilianzia sentimita 20 tu kutoka mlangoni, kwa hiyo mguu hauingii, unasimama nje na kuchungulia kama unanunua tiketi. Sasa piga hesabu mwenyewe. Zaidi ya nusu ya stoo ile ilikuwa si yangu. Ilikuwa ya mende na ya nazi.

Ndiyo maana naona kosa liko kwa aliyechora rafu, wewe hujafanya lolote. Rafu ya kina kirefu inaonekana ina nafasi kubwa, lakini kitu cha mbele kinaziba cha nyuma, na hata mkono ukifika, jicho halifiki. Unanunua bizari ya tatu kwa sababu mbili za kwanza zimelala nyuma ya kiroba.

Nikamwita fundi seremala, nikamwambia azikate rafu zote zibaki herufi L: ukuta mkubwa kina cha sentimita 35, ukuta mdogo 25, katikati pabaki wazi niingie nisimame na miguu yangu yote miwili. Akanitazama. "Mama, unapoteza nafasi." Nikamwambia nafasi hiyo ndiyo inayonipotezea unga. Akakata huku ananuna. Kitu kimoja tu alichokifanya kwa akili yake, na namshukuru mpaka leo, ni kwamba pale rafu mbili zinapokutana, upande wa ndani, hakuacha pembe kali. Alikata mviringo. Ukiingia kiuno hakigongi, na utaona hapo chini kwa nini ule mviringo una faida nyingine.

Wale mnaoishi nyumba ambazo hata msumari hamruhusiwi, fanyeni ukuta wa uongo: pangeni nyuma maboksi yaliyojaa vitu vya mara moja kwa mwaka mpaka kina kilichobaki mbele kiwe sentimita 30 au 35. Rafu ni ile ile, ila imekuwa fupi.

Kuhusu ubao, hapa niliumia. Rafu mbili zilikuwa zimeoza, fundi akanishawishi tuziweke za MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, laini, rahisi, unafuta kwa kitambaa. Masika ya kwanza zilivimba ncha kama mkate wa kumimina, ya pili zikapinda katikati kwa uzito wa ndoo. Ukuta wa stoo yangu ni wa nje, unapigwa na mvua za upepo wa kusi, na unyevu wa Tanga hausubiri bomba lipasuke. Nikazitoa zote, nikaweka mbao za mtiki za kutoka Muheza, zimepakwa vanishi pande zote sita, hata ncha. Plaiwudi ya milimita 18 nayo ni nzuri, ila ncha zake uzizibe. Na rafu isigusane na ukuta: acha nafasi ya vidole viwili hewa ipite, na mchwa akipanda utamwona njia yake kabla hajaingia kwenye ubao. Juu ya mlango nilitoboa matundu nikaweka waya wa mbu. Joto la kaskazi kwenye stoo iliyofungwa ni oveni.

Sasa ile pembe yenyewe, pale L inapokutana. Hata baada ya kukata, hapo ndipo kitu hujificha. Wenye fedha wananunua sinia la kuzunguka lenye beringi. Mimi nilichukua masinia mawili ya alumini yanayolingana, kipenyo sentimita 40, yenye kitako bapa na ukingo uliosimama. La chini nikalitia gololi za wanangu kama ishirini na tano, la juu nikaliketisha juu ya gololi. Basi. Unalisukuma kwa kidole linazunguka, na kelele yake ni kama mtu anasaga mchanga, nimeizoea. Bila ule mviringo wa fundi, sinia la ukubwa huo lingening'inia hewani kwenye rafu yangu. Juu yake weka vitu vya chupa tu: siki, mafuta ya ufuta, achari, chupa za viungo, asali. Usiweke mifuko, mfuko unalala pembeni unakwama ukutani, na ukilazimisha sinia chupa ya siki inaruka. Uzito uugawe, usirundike upande mmoja. Liweke usawa wa kifua chako, juu zaidi ya hapo hutaona kilicho katikati.

Chini sakafuni ndipo nilipoacha kina chote, kwa sababu chini vitu vinaweza kuja vyenyewe. Fundi alinitengenezea vigari viwili, ubao mwembamba wenye magurudumu manne madogo, kila kimoja kinabeba ndoo tatu kwa mstari. Mbele nikafunga kamba ya mkonge, navuta ng'ombe wangu anatoka. Ndoo ya lita 20 inameza mchele kilo 16 hivi. Unga wa sembe mwepesi, kilo 12 tu ndoo hiyo hiyo imejaa. Jua hesabu hiyo kabla hujanunua ndoo, wengi hununua wakaona kiroba hakiingii. Na tafadhali ziwe ndoo za mafuta ya kula. Ndoo ya rangi hata uioshe kwa majivu wiki nzima, usiweke chakula.

Hapa nitakaa kidogo, maana umeandika mstari mmoja tu, "na wadudu wamenichosha," ukapita, wakati hilo ndilo linalokula hela yako.

Fukusi wa mchele, yule mweusi mwenye pua ndefu, haji kwako akitembea kutoka kwa jirani, mara nyingi unamnunua. Jike anatoboa punje, anataga yai ndani, anaziba tundu. Ukitazama mchele sokoni Mgandini unaona mweupe, safi, unachagua kwa kiganja kama bingwa. Kwa joto letu, mwezi au zaidi kidogo baadaye anatoka mkubwa, na wewe unalaumu stoo. Niliweka pilipili kavu. Niliweka majani ya mwarobaini kama alivyofanya bibi yangu. Sisemi havisaidii, ila kwangu vilinipa mchele wenye fukusi na harufu ya mwarobaini.

Kilichosaidia ni mambo ya kuchosha. Kwanza nanunua wa wiki tatu, siyo wa miezi mitatu, hata kama kiroba kikubwa kina nafuu ya bei. Pili, ndoo zangu za mchele ni mbili na hazichanganywi. Kosa la karibu kila nyumba ni kumwaga mchele mpya juu ya wa zamani. Ule wa chini hauliwi milele, unakuwa kitalu cha fukusi. Mimi ndoo ya kwanza inakwisha mpaka punje ya mwisho, inaoshwa, inaanikwa juani, ndipo inapokea mpya, na wakati huo tunakula ya pili. Tatu, unga wa ngano na dengu kabla ya kuingia stoo vinalala siku nne kwenye friza, kilo mbili mbili. Baridi hiyo inaua mayai. Vikitoka, viache virudi kwenye joto la chumba ndani ya mfuko wake uliofungwa, ukifungua mapema unyevu unatonea kwenye unga unapata ukungu.

Kama unaletewa mahindi kutoka shamba, Handeni au kokote, hayo usiyaweke kwenye ndoo. Tafuta ile mifuko ya tabaka tatu, mifuko miwili ya nailoni ndani ya kiroba kimoja, maarufu kwa jina la PICS. Mahindi yawe makavu kweli, toa hewa, funga tabaka moja moja kwa nguvu. Mdudu aliyemo anamaliza hewa anakufa bila dawa. Ila ukiifungua fungua kila siku kuchota kibaba, umeiharibu kazi. Hiyo ndiyo ya kwenda nyuma kabisa ya stoo.

Na nyuma kabisa ni wapi, baada ya kukata? Kwangu ilibaki sehemu chini ya rafu ya mwisho, pembeni, ambayo hata kigari hakifiki. Naiita kona ya shughuli. Humo yamo masufuria makubwa ya pilau, mwiko mrefu, masinia ya wageni, mbuzi ya akiba, na sanduku la vyombo vya futari ambalo linatoka Shaabani na kurudi baada ya Idi. Ukiacha mfuko wa PICS uliofungwa, hakuna chakula hata punje. Sheria hiyo sivunji hata mama mkwe akisimama mlangoni na gunia. Ndani ya mlango nimebandika karatasi: kona ina nini, na nani kaazima nini, maana sufuria likitoka kwenda kwenye hitima mtaa wa pili halirudi bila maandishi.

Mengine kwa haraka. Chumvi yetu ya mabwawa inanyonya unyevu mpaka inalia, niliiweka kwenye kopo la bati la maziwa ya unga, likatoboka kitako, maji ya chumvi yakashuka rafu mbili. Iwe chupa au plastiki. Ng'onda na dagaa visikae chumba kimoja na majani ya chai na unga, hata ukifunga mara tatu, utakunywa chai ya papa. Vyangu vinaning'inia nje barazani. Iliki na mdalasini wa kutoka Amani, Muheza, vifiche mbali na mwanga na jiko, ununue kidogo. Mbatata na vitunguu vitenganishe, kila kimoja kwenye kikapu kinachopitisha hewa, mbali na ukuta ule wa unyevu. Mtungi wa gesi usiuingize stoo hata siku moja: gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini kwenye chumba kisicho na dirisha inasubiri kiberiti chako. Taa bandika ile ndogo ya betri inayowaka ukifungua mlango. Tarehe andika kwa kalamu ya wino mzito juu ya selotepu ya karatasi, siyo kwenye ndoo yenyewe.

Makopo ya seti? Nilibakisha manne. Mengine niligawa. Chupa za jamu na za mayonezi zilizooshwa zinaonesha kilicho ndani bila kuandika, na ikivunjika moja hulii.

Gharama yangu kubwa ilikuwa mbao na ule ujinga wa MDF. Kazi ya kukata ilimchukua fundi siku moja, ya vigari nusu siku. Usimwite kabla hujatoa kila kitu nje na kukipanga uani. Mimi nilikuta achari ya ndimu ya miaka minne, bizari saba na funguo za sanduku tulilokwisha livunja.

Umesema mlango wako mwembamba lakini hukusema ni sentimita ngapi. Pima uwazi wenyewe, mlango ukiwa umefunguliwa mpaka mwisho, bawaba zikiwemo, kisha upime bega lako na kitako cha ndoo yako kubwa. Kama ni chini ya 45, usikate L kama yangu, kata ukuta mmoja tu, na sinia lisizidi 35. Weka vipimo hapa, nikirudi kutoka sokoni jioni nitakuchorea.