Wakigombana Mazoezini, Usiwatenganishe

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa Kisauni aliniandikia: "Wanafunzi wangu wa fidla kila mmoja kivyake ni hodari. Nikiwakalisha pamoja wanagombana. Nifanyeje?" Swali hilo mimi nililibeba miaka hapa Mombasa bila mtu wa kumuuliza, kwa hiyo acha nikujibu kwa kirefu.

Kwanza nitoe la moyoni. Tulipokuwa tukianza, shule moja ilitupa chumba, kisha katikati ya muhula ikatufungia mlango, eti tunapiga kelele. Kelele! Watoto wanne wenye fidla mbili, viola (fidla kubwa kidogo) na chelo (kubwa zaidi, ya sauti nzito), wakihangaika taratibu na kipande cha Haydn, mtunzi wa zamani wa Austria. Mpaka leo inaniuma. Tukahamia sebuleni kwa mzazi mmoja mtaani Tudor, na kikundi kikashikamana huko, maana sebuleni hakuna pa kujificha. Kwenye okestra fidla nyingi hucheza sauti moja, mtoto akiteleza wenzake wanamfunika. Kwenye kwateti, yaani kikundi cha wachezaji wanne kama hao, kila sauti ina mwenyewe, na hakuna anayesimama mbele na kifimbo cha kuwaongoza. Ndiyo maana wanao wanagombana: kila mmoja ana hakika ni mwenzake aliyekimbiza wimbo.

Wafundishe kupumua. Wa fidla ya kwanza, anayeongoza, ainue upinde kidogo, avute pumzi kwa pua mpaka isikike, kwa mwendo uleule wa wimbo, na wenzake wavute naye. Sisi tulirudia hilo tu, pumzi na noti ya kwanza, jioni baada ya jioni. Siku moja binti wa chelo, ambaye ukimsalimu anaitikia kwa kichwa, aliwasimamisha wote akasema, "Hamnisikii." Wakarudi nyuma, wakashusha sauti, mstari wake ukatoka. Nilijivuna siku ile, na bado najivuna.

Kisha wabadilishe viti. Leo fidla ya pili, kesho ya kwanza. Haydn aliandika vipande zaidi ya 60 vya kwateti, hutakosa cha kuwafaa.

Taarab nayo usiiweke kando. Mtoto wa Mji wa Kale amesikia fidla harusini kabla hajaijua noti, na anajua kwamba mwimbaji akinyamaza vyombo hujibu. Huko ndiko kusikilizana tunakokutafuta! Dhow Countries Music Academy, chuo cha muziki cha Zanzibar kilichoanzishwa 2002, kinafundisha udi na kanuni, ala za nyuzi za taarab, na fidla pia. Kwa nini sisi tuwagawe watoto, wa taarab huku na wa Haydn kule?

Mengine ni ya kawaida: panga saa isiyogongana na madrasa, msubiri anayevuka feri kutoka Likoni, na uwe na nyuzi za akiba. Unyevu wa pwani ukivimbisha vigingi vya kukazia nyuzi, usimruhusu mtoto avilazimishe.

Lakini wazazi na walimu, tuache kuwapima watoto hawa kwa vikombe. Nimeona kijana akishinda shindano, akaweka fidla uvunguni kwa kuwa hakuwa na wa kucheza naye. Mtoto anahitaji wenzake wa kumngoja Jumamosi. Kikombe hakimngoji mtu.

Mwalimu wa Kisauni, chukua wale wawili wanaogombana zaidi. Wape kipande kifupi cha fidla mbili, waache wakipange wenyewe, na wewe ukae kimya mpaka wakuite.