Kujaza majani kwa mshono wa mfupa wa samaki: maswali ya wasomaji

Swali: Ninapodarizi nimezoea kujaza maua kwa mshono wa satini, ila majani yakiwa mapana nyuzi zinalegea na kunasa vidoleni. Nimeshauriwa nijaribu mfupa wa samaki. Naomba mnielekeze tangu mwanzo.

Jibu: Umeshauriwa vyema. Uzi wa satini huvuka jani zima, na ukizidi sentimita 1 unakosa cha kuushika. Katika mfupa wa samaki kila uzi hutoka ukingoni na kuishia katikati, ambako hubanwa na unaofuata. Jani la upana wa sentimita 1 hadi 2 hujazwa vizuri. Zaidi ya hapo, ulegevu ule ule hurudi.

Anza na jani la urefu wa sentimita 3 na upana wa 1.2. Chora ukingo, mstari wa katikati, kisha mistari miwili ya kuongoza, kila mmoja milimita 1 kando ya ule wa katikati. Wengi huiona mistari hii miwili kuwa kazi ya ziada, nao ndio hao ambao majani yao hupinda. Kata uzi wa sentimita 45, tumia nyuzi 2 kati ya zile 6 zilizosokotwa pamoja, na sindano ya kudarizi namba 8. Chomoa kila uzi peke yake ndipo uzilaze pamoja, maana ukizichomoa mbili kwa mpigo hutoka zimejisokota, hazing'ai.

Toa sindano kwenye ncha ya jani, izamishe kwenye mstari wa katikati milimita 8 chini yake. Sasa itoe ukingoni kushoto, ubavuni mwa ncha, uvuke katikati na kuizamisha kwenye mstari wa kuongoza wa kulia, chini kidogo tu ya pale uzi wa kwanza ulipoishia. Halafu kinyume chake: itoe ukingoni kulia, uizamishe kwenye mstari wa kuongoza wa kushoto. Endelea kwa zamu, kila uzi ukilala kando ya mwenzake bila kuupanda. Katikati patajisuka kama ukili.

Katikati itafika kwenye kitako kabla ya kingo kujaa. Hapo zamisha sindano kuzunguka kitako, lakini usirundike nyuzi zote kwenye tundu moja, la sivyo patavimba.

Swali: Ncha inakaa vizuri, lakini nikifika katikati ya jani nyuzi zimelala mlalo kabisa, kama vidaraja vya ngazi. Nakosea wapi?

Jibu: Uzi wa kwanza ni mfupi mno. Huo ndio unaoamua mwinamo wa nyuzi zote. Jani linapopanuka, uzi hulazimika kwenda mbali zaidi kwa upana huku mteremko wake ukibaki ule ule, kwa hiyo hulala. Uzi wa kwanza uwe robo hadi theluthi ya urefu wa jani, na likiwa pana chagua theluthi.

Kama umeshafika nusu, usifumue. Zisongeze nyuzi zaidi ukingoni, huku katikati ukishuka hatua kubwa kidogo, mpaka mwinamo urudi. Kwa jani lijalo, chora mistari mitatu ya mshazari kila upande na uifuate.

Swali: Kuna ufa mwembamba katikati ya jani, na ukingo una meno meno.

Jibu: Ufa unatokana na kuzamisha sindano juu ya mstari wa katikati kabisa. Lazima uuvuke, kwa sababu ni kule kupishana kwa nyuzi ndiko kunakofunika kitambaa.

Meno husababishwa na sindano inayoingia kwa kuinama. Ichome wima, uivute yote, kisha uirudishe, badala ya kuchota kitambaa kwa mkupuo mmoja. Ukitaka ukingo safi zaidi, tangulia kuuzungushia mshono wa kupasua kwa uzi 1, yaani kila mara sindano itokee katikati ya uzi wa mshono uliotangulia na kuupasua. Kisha jaza ukitokea nje yake kidogo tu, ili ufunikwe wote.

Swali: Kitambaa kinakunjamana kuzunguka jani.

Jibu: Kaza fremu, yaani maduara mawili yanayobana kitambaa, na uache kuvuta uzi mara tu unapogusa kitambaa. Fremu ya mbao ikiteleza, zungushia duara la ndani utepe wa pamba.

Swali: Nifute vipi alama za kalamu inayotoka kwa maji?

Jibu: Suuza kwa maji baridi hadi rangi iishe kabla ya kugusa pasi, kwa sababu joto linaweza kuigandisha moja kwa moja. Kitambaa kikiwa bado na unyevu, kilaze kifudifudi juu ya taulo nene, upige pasi upande wa nyuma ili nyuzi zisibanwe bapa.