Mbaazi Zisizoiva na Bei ya Makaa

SWALI: Assalaam aleikum, Mshauri. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Likoni. Nimekusudia kupunguza vyakula vya pakiti na kupika vya asili, lakini mbaazi zangu hukaa motoni tangu asubuhi hadi adhuhuri zikiwa bado ngumu, na makaa ni ghali. Jirani ameniambia nitie magadi. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Taabu yako huanzia sokoni, kwa kuwa mbaazi zilizokaa ghalani muda mrefu hata zikichemshwa kutwa hubaki na kiini kigumu. Ukivuka feri kwenda Marikiti, au ukifika Kongowea, usichukue zilizokwisha kufungwa. Mwombe muuzaji ruhusa utie mkono guniani, uchote na uzitazame penye mwanga. Zilizokunjamana, zilizobunguliwa na fukusi, au zinazoacha unga kiganjani, ziache hapo hapo hata akikupunguzia bei. Ukibahatika kupata mbaazi mbichi, nunua hizo, kwani huiva upesi bila kulowekwa (kuzimenya ni kazi, lakini watoto watatu wana vidole thelathini).

Mbaazi kavu zichambue, uzioshe, uziloweke usiku kucha kwa maji mengi, kisha umwage maji hayo na uzipike kwa maji mapya, sufuria ikiwa imefunikwa. Kuloweka hupunguza muda wa kupika, na kumwaga maji yale hupunguza gesi tumboni. Nyanya, ndimu au ukwaju usitie mpaka punje ibonyee kati ya vidole viwili, kwa sababu ugwadu huzuia vyakula vya jamii ya kunde kulainika.

Kuhusu magadi, jirani yako hakusema uongo: hulainisha kweli. Hata hivyo huharibu vitamini B1 iliyomo, na yakizidi chakula hupata ladha ya sabuni, kwa hiyo mimi nisingeyatia.

Mbaazi zikishaiva, zikaangie kitunguu na bizari, utie tui jepesi, na tui zito liwe la mwisho, huku ukikoroga mfululizo kwa moto mdogo ili lisikatike. Mchicha uoshe kabla ya kuukata, wala usiuache motoni zaidi ya dakika chache.

Ukipika maharagwe mekundu, yaloweke vilevile, umwage maji, kisha yachemke kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto, maana yakiwa hayajaiva yana sumu inayosababisha kutapika na kuharisha.

Siku ambayo hukuloweka kitu, pika pojo. Hizo hazikudai maandalizi ya usiku, na kwa tui na wali zinatosha chakula cha mchana cha nyumba nzima.