Orléans mpaka Saumur kwa baiskeli: usihesabu mto, hesabu upepo

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Lyon, nina baiskeli ya mbio ya zamani niliyoinunua mtumba, tairi ni milimita 25, waliponiuzia waliniambia nijaze upepo PSI 110 na nisishushe hata kidogo. Gia za mbele ni mbili, meno 52 na 39, nyuma ndogo kabisa ina 11 na kubwa 25. Mwezi wa tisa nataka nifuate mto Loire siku 3 kutoka Orléans mpaka Saumur, zile barabara za vijijini zisizo na magari, na mabegi mawili ya kando kwenye keria. Nimechagua upande huo kwasababu maji yanaelekea huko kwahiyo ntakua nashuka tu. Tatizo mikono inakufa ganzi baada ya saa moja hivi na goti la kulia linauma. Nina kilo 80. Nibadilishe gia za nyuma au vipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nimesoma hapo kwenye "maji yanashuka na mimi nashuka" nikacheka, sio kwa ubaya, manake hesabu hiyohiyo niliipiga mimi msimu wangu wa kwanza hapa Tours, nikafika Saumur saa nne usiku macho mekundu na miguu siisikii. Kwahiyo tuanzie hapo, gia tutazikuta mbele ya safari.

Loire ndio mto mrefu kuliko yote Ufaransa, unapita kilomita 1,000, lakini kipande hiki cha katikati ni kama mto umelala. Kati ya Orléans na Saumur maji hayashuki hata nusu mita kwa kila kilomita. Nusu mita ni kimo cha stuli ya jikoni, alafu uitandaze kwenye kilomita nzima. Sasa chukua wewe, baiskeli na mizigo, tuseme kilo 100, unatembea kilomita 18 kwa saa: huo mteremko wako unakusukuma kwa kama wati 2 hivi. Mguu hauwezi kuzisikia wati 2.

Sasa tuje kwenye upepo. Siku iliyotulia, kwa mwendo huohuo na umekaa wima na mabegi pembeni, kuikata hewa tu kunakula kama wati 40. Ukija upepo wa usoni wa kilomita 15 kwa saa, ambao kwa watu wa hapa ni upepo wa kawaida wala hauzungumzwi, unahitaji karibu wati 135 ili ubaki na mwendo uleule, kwasababu nguvu ya hewa haipandi taratibu, kasi ya hewa inayokupiga ikiwa mara mbili yenyewe inakua mara nne. Upepo huohuo ukiugeuzia mgongo, hewa inabaki karibu bure. Na kwenye bonde hili upepo mara nyingi unatoka magharibi, kule baharini Atlantiki, unapanda na mto kuelekea Tours na Orléans. Kwahiyo safari uliyoipanga ni ya kulipa wati 95 za ziada ili upate 2.

Geuza safari. Panda treni mpaka Saumur uanzie huko urudi Orléans, unapanda mto huku upepo unakusindikiza. Siku mbili kabla uangalie utabiri, manake kuna vipindi upepo unakaa mashariki, ukikuta hivyo basi rudi kwenye mpango wako wa mwanzo. Na toka mapema, saa moja na nusu asubuhi uwe barabarani, kwa kawaida asubuhi kunakua kimya na upepo unaamka mchana jua likishapasha ardhi.

Huo ndio upepo wa nje. Upepo wa ndani, wa tairi, ndio unaokuua mikono.

PSI 110 waliyokupa nadhani waliisoma ubavuni mwa tairi. Ile namba ni kikomo, yaani usipite hapo, haimaanishi ujaze hapo. Utotoni kwetu Tanga tulikua tunajaza Phoenix mpaka tairi inalia ukiigonga, tukiamini ngumu ndio inakimbia, na kwenye sakafu laini kama kioo ingekua kweli. Njia ya Loire sio kioo. Kuna lami nzuri ya vijijini, kuna vipande juu ya matuta yaliyojengwa kuzuia mafuriko, alafu unaingia msituni kando ya maji unakuta mchanga na kokoto zilizoshindiliwa, na kwenye gati za zamani mawe ya kupanga. Tairi ngumu inaruka kila kokoto, na kila ikiruka inakurusha na wewe kilo zako 80, nguvu yako inaishia kutikisa viganja na mabega badala ya kwenda mbele. Ganzi yako kwa sehemu kubwa inatoka hapo.

Mwaka jana mwezi wa nane alikuja mama mmoja mtalii, vidole viwili vya mwisho hana habari navyo, anataka nimuuzie usukani mpya na glavu nene. Nikabonyeza tairi ya mbele kwa dole gumba, jiwe. Nikafungua valvu nikaiacha ipumue, nikapima, nikafanya na ya nyuma, nikamwambia zunguka uwanja. Akazunguka mara moja akarudi ananiuliza kama nimembadilishia tairi. Nilipoteza mauzo ya usukani siku ile.

Kwahiyo wewe: kama fremu inaruhusu, weka tairi za 28. Angalia nafasi kati ya tairi na breki na uma wa mbele, ikishakaa ibaki angalau milimita 4 kila upande, fremu nyingi za zamani zinakubali 28 zikagoma 30. Anza na PSI 80 nyuma na 68 mbele, nyuma ndio kunabeba mabegi na makalio kwahiyo usijaze sawa. Ukibaki na 25, basi 95 nyuma na 85 mbele. Alafu egemeza baiskeli ukutani, mabegi yakiwa juu, ukae kwenye kiti, mtu akuchungulie chini: tairi ya nyuma inatakiwa ivimbe kidogo pale inapogusa ardhi, isibonyee kama chapati. Ukipata pancha yenye matundu mawili yaliyopangana kama meno ya nyoka, ujue umeshusha mno na ringi ndio imeuma tyubu, ongeza 5.

Goti hujasema linauma wapi. Likiuma mbele, mara nyingi kiti kiko chini, likiuma nyuma kiti kiko juu. Weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuinama upande, hapo ndio pa kuanzia, alafu rekebisha milimita 5 tu kwa siku usiwe na pupa. Ila nina wasiwasi na hiyo 52 yako. Watu wenye baiskeli za mbio wanapenda kukaa kwenye gia kubwa wakisukuma polepole kama wanasaga mahindi, na upepo wa usoni ukiongezeka goti ndio linalipa. Kaa kwenye 39 safari nzima, isahau kama 52 ipo. 39 mbele na 21 nyuma, ukizungusha mara 80 kwa dakika, inakupa karibu kilomita 19 kwa saa, ambao ndio mwendo wenyewe wa safari hii.

Kwahiyo kubadilisha gia za nyuma hapana, hela hiyo inunue tairi. Milima ipo lakini ya kuhesabu kwa vidole, ya kwanza utakutana nayo palepale baada ya Saumur, njia inaacha mto inapanda kwenye mizabibu, unapita Souzay kwenye kijiji kilichochongwa ndani ya mwamba, unapita kwa baiskeli chini ya jiwe kabisa (washa taa, vua miwani ya jua), alafu Turquant, unashuka Montsoreau. Kwa 39 na 25 utapanda, ukishindwa shuka uikokote, hakuna anayekuangalia. Ukitaka sana, gia ya nyuma ya meno 28 mara nyingi inakubali bila kugusa kitu kingine, lakini 32 itataka ubadilishe na kile kimkono kinachohamisha cheni, na cheni yenyewe iwe ndefu zaidi.

Kingine ambacho hujauliza: usiiachie simu ikuchagulie njia fupi. Itakutupa kwenye D952, ile inayofuata mto upande wa kaskazini, na hapo malori yanapita. Njia ya baiskeli, wanaiita La Loire à Vélo, kutoka Saumur mpaka Blois iko zaidi upande wa kusini: Candes-Saint-Martin, Bréhémont, Villandry, Tours, Amboise, Chaumont. Fuata vibao vyake tu. Sheria ya huku gari linatakiwa likupite kwa nafasi ya mita 1 mjini na mita 1.5 nje ya mji na wengi wanaifuata, lakini kwenye vijiji vidogo kumbuka anayetokea kulia kwako ana haki ya kupita kwanza kama hakuna kibao kinachosema vinginevyo, hata kama katokea kwenye kichochoro na trekta. Giza likikukuta nje ya mji, kizibao cha kung'aa ni lazima kisheria.

Na ule mchanga mweupe unapenda cheni yenye mafuta mengi, jioni unakuta uji mweusi unaosaga meno ya gia. Futa cheni kwa kitambaa kila ukifika, weka tone moja kwa kila kiungo, futa tena ya juu. Dakika 5.

Treni: kipindi cha joto nafasi za baiskeli zinajaa haraka, kwahiyo ulizia kama inatakiwa kubuki, na fungua mabegi kabla treni haijafika kwasababu mara nyingi baiskeli inatundikwa kwenye ndoano kwa gurudumu la mbele na watu nyuma yako hawana subira. Stesheni ya Saumur iko kaskazini ya mto. Toka, vuka madaraja mawili, katikati kuna kisiwa, ukifika ng'ambo mjini kata kushoto, mto ubaki mkono wako wa kushoto, upepo ukupige mgongoni. Ukiona unakupiga usoni na utabiri ulisema magharibi, umekata kulia.