Anza na Adam Shafi, Nagona isubiri

Ndugu yangu, unauliza urudi na riwaya ipi ya Kiswahili baada ya miaka mingi bila kusoma. Chukua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mtu wa kumzaa, anamkimbia mumewe, na ukishaanza kumfuata chai inapoa mezani. Unguja ya wakati wa mkoloni imo humo, starehe na siasa chumba kimoja. Kuli yake nayo nzuri, ila mimi mgomo wa bandarini ulinishika kuliko Rashidi, mhusika mkuu mwenyewe.

Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) usiikose. Zakaria anamcharaza bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana tu. Mimi nikasoma ukurasa ule mara mbili, maana wazee wa namna hiyo nimewaona. Lakini Nagona yake, lo! Kijitabu chembamba, nimekianza mara tatu. Kusadikika ya Shaaban Robert naiheshimu kuliko ninavyoipenda, hotuba zimezidi. (Najua nitatukanwa.)

Ukitaka kitu cha safarini, mchukue mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla.