Kadi ya RAID iliyomrudisha tajiri kwenye daftari siku 19

Juzi kijana mmoja wa Wete kaniandikia: "Kaka, nafunga seva ya Linux ya ofisi ndogo. Ninunue kadi ya RAID au nitumie RAID ya programu?" RAID ni kuunganisha diski kadhaa ili moja ikifa data ibaki; huendeshwa na kadi maalumu, au na mfumo wa kompyuta wenyewe kwa programu. Nilianza kumjibu kwa mstari mmoja, nikaufuta. Suala hili kwangu lina kisa, na kisa chenyewe bado kinauma.

Nilikuwa ndio kwanza nimetoka chuo, najiona. Tajiri mmoja wa Chake Chake, muuza mchele, unga na sukari kwa jumla, akaniita nimfungie seva. Nikamwambia RAID ya programu ni mambo ya watoto wa skuli. Nikamnunulisha kadi na diski nne, nikazipanga RAID 5, mtindo unaoitawanya data kwenye diski zote na kustahimili kifo cha moja. Kadi peke yake ilikaribia bei ya diski zote. Alilipa bila kunung'unika, na siku ya kumaliza akanipikishia biriani.

Mwaka wa pili karani akaanza kulalamika: seva nzito, risiti zinachelewa. Nikamlaumu yeye, kisha nikailaumu programu ya hesabu. Kumbe betri ya kadi ilishakufa. Kadi zile hupokea data kwenye kumbukumbu yao kwanza, ndipo huishusha kwenye diski. Betri huilinda data hiyo umeme ukikatika. Betri ikifa, kadi nyingi huacha mtindo huo, zikaandika moja kwa moja kwenye diski, polepole. Kadi ilikuwa inasema, mimi sikuwahi kuweka programu ya kuisikiliza.

Ukaingia Shaaban. Ghala limejaa tende na sukari ya Ramadhani, umeme ukakatika, uliporudi kadi haikuwaka. Diski zote nne nzima! Data nimeishika mkononi na siwezi kuisoma, maana kadi ilizipanga kwa mtindo wake yenyewe. Bekapu, mtaniuliza. Ilikuwemo humo humo ndani ya seva. Tuendelee.

Nikapanda boti Mkoani hadi Unguja, nikazunguka Darajani na Mlandege, nikavuka hadi Kariakoo. Kadi zipo, ya aina ile hakuna. Mwisho ikapatikana Dubai, iliyokwishatumika. Siku 19 tajiri aliuza kwa daftari, na kila asubuhi alinipigia suala lile lile: "Fundi, madeni yangu yako wapi?" Kadi ilipofika ikazitambua diski, madeni yakarudi. Biriani halikurudi.

Nikavunja kila kitu, nikaweka diski mbili kwa RAID 1 (nakala ile ile kwenye kila diski) ya Linux yenyewe, kwa programu ya mdadm. Hapo maelezo ya mpangilio hukaa ndani ya diski, hayamtegemei mtu wa katikati. Mwezi uliopita ubao mama wa seva ile uliungua. Nikachomoa diski, nikazichomeka kwenye kompyuta kuukuu ya karani iliyokuwa na Linux, nikaandika mdadm --assemble --scan, na kabla ya adhana ya Adhuhuri duka linatoa risiti. Hili naliringia, mnisamehe.

Sasa nyinyi vijana mnaopenda kumtia mteja gharama ili muonekane mafundi, nisikilizeni. Prosesa za leo haziisikii kazi ya RAID 1. Tumia mdadm. Weka GRUB, programu inayoiwasha Linux, kwenye diski zote mbili, si moja. Soma faili la /proc/mdstat: ukiona [UU] lala, ukiona [U_] diski moja imetoka, amka. Weka na barua pepe yako kwenye mipangilio ya mdadm ikuite yenyewe. Ile RAID inayokuja na BIOS (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta) ya kompyuta za kawaida iacheni. Kazi hufanywa na prosesa vile vile, na mpangilio hufuata mtindo wa mtengenezaji wa ubao. Kadi mnunulie mwenye VMware ESXi, mfumo wa kuendesha seva kadhaa ndani ya mashine moja, ambao hauna RAID ya programu, tena anunue mbili za aina moja, ya pili ikae kabatini. Na bekapu itoke nje ya seva. Nje, nasema, nyumba nyengine.

Kijana wa Wete, pesa ya kadi nunulia diski ya tatu.

Tajiri wangu kafungua duka la pili, Konde. Kazi ya seva kampa fundi mwengine, na nasikia kamfungia kadi.